Kabla Hujatuma Pesa ya Simu Kariakoo

Mpunga na ufuta vikishauzwa, simu ni moja ya vitu vya kwanza kutafutwa katika vijiji vya kata ya Ulaya, wilayani Kilosa. Aliyekuwa na kiswaswadu anataka simu janja, mwalimu anataka kompyuta mpakato ya kuandalia masomo, kijana wa bodaboda anataka simu ya kioo kikubwa. Maduka ya kuaminika yako Mikumi au Kilosa mjini, na bei zake huonekana kali ukizilinganisha na zile zinazopita Instagram, Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp. Huko simu ni ileile, picha zinang'aa, na maneno yanavutia: mtumba safi kutoka Dubai, ina boksi lake, tunatuma mikoa yote. Basi watu wanatuma pesa. Wapo wanaopata walichoagiza, wapo wanaopata kitu kingine, na wapo wasiopata chochote. Ninachotaka kukuonyesha, ndugu msomaji, ni kwamba kwa mtu wa Ulaya, Zombo au Tindiga, hatari kubwa haitokani na kifaa kuwa cha mtumba. Inatokana na kukilipia kabla ya kukishika, kwa mtu usiyeweza kumfikia. Umbali ndio unaogeuza kasoro ndogo kuwa hasara ya pesa yote.

Kwanza niwatendee haki wauza mitumba. Simu iliyotumika si uchafu. Watu wa Marekani na Uingereza hurudisha simu zao dukani wanapochukua mpya, simu hizo huuzwa kwa jumla zikiwa zimepangwa kwa madaraja, hupitia Dubai au Hong Kong, kisha hufika sokoni Kariakoo, Dar es Salaam. Simu nzuri ya miaka mitatu inaweza kumfaa mtu kuliko simu mpya ya bei ya chini kabisa, ambayo kumbukumbu yake hujaa ndani ya miezi michache. Tatizo ni lile neno "imekarabatiwa". Apple wanapouza iPhone waliyoikarabati wenyewe, huiwekea betri mpya na ganda jipya na kuipa dhamana ya mwaka mmoja. Neno hilohilo likiandikwa chini ya picha na muuzaji wa mtandaoni, linaweza kuwa na maana kwamba fundi amebadilisha kioo kwa kioo cha kopi, akapangusa vumbi, akatafuta boksi linalofanana. Hakuna anayemkagua kabla hajaliandika. Kwa hiyo usilinunue neno hilo. Uliza nani aliikarabati, alibadilisha nini, na nani atawajibika ikizima wiki ijayo.

Sasa tupige hesabu ya umbali, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Tuseme simu inauzwa 350,000 mtandaoni, na simu ya aina hiyohiyo iko dukani Mikumi kwa 420,000. Mnunuzi anaona ameokoa 70,000. Simu inafika, na baada ya siku nne maiki inakufa. Aliyenunua Mikumi anapanda bodaboda au gari la abiria, anafika kwa muuzaji, wanabishana, na jioni yuko nyumbani na simu imetengenezwa au imebadilishwa. Aliyenunua Kariakoo yuko takriban kilomita 300 kutoka huko, ukihesabu kuanzia Mikumi tu. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, mahali pa kulala na siku mbili za kuacha shamba vinaimeza ile 70,000 kabla hajaanza kumtafuta mtu ambaye anuani yake ni jina la ukurasa. Ndiyo maana wengi hawaendi. Wanaikubali hasara au wanampelekea fundi wa karibu awatoze tena, na muuzaji asiye mwaminifu analijua hilo. Mteja wa mbali kwake ni mteja asiyerudi kudai. Simu yenye kasoro ambayo hawezi kumuuzia mtu wa Ilala, aliye hatua chache kutoka dukani, inapata soko kwa anayepokea mzigo kwa basi.

Kasoro zenyewe ni za aina nyingi, na kila moja ina njia yake ya kugunduliwa, mradi simu iwe mkononi. Tuanze na utambulisho. Kila simu ina namba ya IMEI yenye tarakimu 15, moja kwa kila laini. Ukibonyeza *#06# inajitokeza kwenye kioo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na mtu anaweza kutuma namba hiyo kwa ujumbe kwenda 15090 na kujibiwa ni simu ya aina gani. Jibu hilo lisome kwa makini. Ukishika kitu kilichoandikwa Samsung ya bei kubwa, halafu jibu likataja chapa nyingine au toleo la bei ndogo, ujue namba imepachikwa. Kubadilisha IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na simu iliyofanyiwa hivyo mara nyingi ina jambo la kuficha. Linganisha pia namba ya kwenye kioo na ile ya kwenye boksi na ile iliyo ndani ya mipangilio. Zote tatu zifanane.

Kasoro ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu simu inakuwa nzima kabisa lakini si yako. Tangu mwaka 2013 iPhone zina kufuli linaloifunga simu kwenye akaunti ya mwenyewe, na Android zilifuata mwaka 2015. Muuzaji anakupa simu ikiwa imewaka, unaichezea, unafurahi. Siku ukiirudisha mwanzo au ikifutika, inakuletea ukurasa unaodai nenosiri la barua pepe ya mtu mwingine, herufi yake ya kwanza ikionekana na zilizobaki zikiwa vidoto. Fundi wa Mikumi hana uwezo nayo, na anayesema anao anataka pesa yako tu au ataifungua nusunusu. Simu za namna hii zinatoka wapi? Nyingine zimesahauliwa tu na wenyewe. Nyingine ni za wizi. Oktoba 2025 polisi wa London walitangaza kuvunja genge linaloshukiwa kusafirisha kutoka Uingereza hadi China simu za wizi zinazofikia 40,000 ndani ya mwaka mmoja. Simu iliyofungiwa mtandao kule inaweza kushika mtandao nchi nyingine, na isiyofunguka huchanguliwa, kioo na kamera yake vikaingia kwenye simu nyingine. Ukikutwa nayo hapa, Kanuni ya Adhabu ina kosa la kupokea mali ya wizi, na utetezi wako utategemea unaweza kuonyesha uliinunua kwa nani.

Iko aina nyingine ya kufuli ambayo kwa maoni yangu itaumiza watu wengi zaidi vijijini, nayo ni ya simu za mkopo. Mtu anachukua simu mpya kwa kianzio, analipa kila siku au kila wiki, na ndani ya simu kuna programu inayoizima akikosa kulipa. Akizidiwa, anaiuza. Tangazo linasema simu ina miezi miwili tu, kama mpya, mwenyewe ana shida ya haraka. Vyote hivyo ni kweli, ila deni halitajwi. Mnunuzi anaitumia wiki moja, kisha inajifunga na kumtaka alipe mkopo ambao hakuukopa. Ukiona simu karibu mpya kwa nusu bei, kabla ya kutafuta kasoro kwenye kioo, ifute yote mbele ya muuzaji kupitia mipangilio, iunganishe na intaneti, uianzishe hadi ifike ukurasa wa mwanzo. Programu ya mkopo na akaunti ya mtu mwingine kwa kawaida hujitokeza hapo. Muuzaji akikukataza kuifuta, umeshajibiwa.

Mambo mengine hayana ulaghai wowote, ila mnunuzi wa kijijini ndiye anayeyalipia. iPhone 14 na zilizofuata, zikiwa za kuuzwa Marekani, hazina kitundu cha laini kabisa. Zinatumia laini ya kielektroniki, na mwenye laini ya kawaida ya plastiki lazima abadilishiwe na kampuni yake kabla hajapiga hata simu moja. Simu nyingine zimefungwa kwenye kampuni ya nchi zilikotoka na hazisomi laini ya hapa. Nyingine zinasoma, lakini zimeundwa kwa masafa ya huko. Masafa ya chini, kama MHz 700 na 800, ndiyo yanayosafiri mbali kutoka kwenye mnara, na simu isiyoyashika inaweza kuwa na intaneti ya kasi Kariakoo na kukosa hata baa moja ukishatoka barabarani kuelekea mashambani. Muuzaji hakudanganya aliposema inashika mtandao vizuri. Ilishika pale alipokuwa.

Betri nayo ina hesabu yake. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone zilizotangulia toleo la 15 zimeundwa kubakiza asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Simu ya miaka minne mara nyingi imeshapita hapo. Mwenye umeme ndani anaweza kuvumilia, lakini anayelipia kuchajisha kibandani ataiona gharama hiyo kila siku. Asilimia 100 kwenye simu ya zamani isikupumbaze, kwani huenda betri imebadilishwa na ya bei ndogo iliyopangwa kuonyesha namba nzuri. Kwenye iPhone za miaka ya karibuni, fungua sehemu ya mipangilio inayoeleza simu yenyewe, uone kama kuna kipande kilichobadilishwa au kisichotambulika. Kwenye Samsung nyingi, *#0*# inafungua ukurasa wa kupima kioo, spika na kamera. Chungulia pia kitundu cha laini kwa tochi. Simu nyingi zina kialama cheupe humo kinachogeuka chekundu maji yakiingia. Simu iliyozama inaweza kufanya kazi mwezi mzima huku kutu ikiila ndani.

Kwa televisheni, redio na vifaa vya muziki, jambo la kwanza ni kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Kifaa cha Marekani kilichoandikwa 120V, au cha Japani kilichoandikwa 100V, kitaungua siku ya kwanza kikichomekwa bila transfoma. Kilichoandikwa 100–240V hakina shida hiyo. Mwambie muuzaji akutumie picha ya kibandiko hicho, si picha ya mbele pekee. Na kompyuta mpakato za ofisi za nje, ambazo walimu wengi huzipenda kwa uimara wake, ziangalie umri wa prosesa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka, kwa jumla, kizazi cha nane kwenda mbele. Mashine ya kizazi cha nne au cha tano bado itaandika barua na mitihani, lakini usiilipie bei ya mashine ya miaka kumi mbele.

Najua pingamizi linalokuja. Duka la Mikumi nalo linauza mtumba huohuo uliotoka Kariakoo, tena kwa bei ya juu, sasa kwa nini nimtajirishe mtu wa kati? Ni kweli, na sisemi kwamba mwenye duka la karibu ni mwaminifu kwa asili. Nasema kwamba anapatikana. Ana mlango, ana majirani, ana wateja wanaomsikia mteja mwingine akilalamika, na kesho atakuwa palepale. Ile tofauti ya bei inanunua haki ya kurudi. Kwa anayeishi Dar es Salaam haki hiyo ni rahisi kuipata, ndiyo maana ushauri wa mtandaoni wa kununua kwa bei ndogo huko unaweza kumfaa. Wewe hali yako ni nyingine. Hata hivyo tofauti hiyo ina kikomo. Duka likidai mara mbili ya bei, au likikataa kuandika risiti, halina linachokuuzia zaidi ya yule wa mtandaoni.

Pingamizi la pili ni kwamba sheria ipo. Ipo kweli. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba ya mtandaoni, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inaadhibu utapeli. Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji. Lakini zote zinahitaji kitu kimoja ambacho mnunuzi wa haraka hana, nacho ni mtu anayetambulika na ushahidi kwamba alikuuzia kitu fulani kwa maelezo fulani. Ndiyo maana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ina thamani kubwa kuliko maneno "dhamana miezi mitatu" yaliyoandikwa kwenye WhatsApp. Risiti ina jina la biashara na namba ya mlipakodi. Dhamana ya WhatsApp hufutika pamoja na ukurasa. Kama huwezi kupata risiti, basi angalau hifadhi tangazo kwa picha ya skrini kabla ya kununua, pamoja na mazungumzo yote, huku namba ya simu ikionekana na si jina ulilolihifadhi wewe.

Wengine watasema wao na ndugu zao wameagiza mara nyingi na hawajawahi kupoteza. Siwapingi. Wauzaji waaminifu wapo, na kwenye mitandao wako wengi kuliko matapeli, vinginevyo biashara hii ingekufa zamani. Ila uzoefu huo unakwambia kuhusu muuzaji yule aliyewatumia, haukwambii chochote kuhusu ukurasa mwingine wenye picha zilezile. Kama ndugu yako ana muuzaji aliyemjaribu, nunua kwa huyohuyo, kwa namba ileile, na umpigie kwa sauti kabla ya kulipa, kwa sababu kurasa zenye jina zuri huigwa na akaunti huibwa.

Kama baada ya haya yote bado unaona lazima uagize kutoka mbali, usitume kianzio cha kushikilia mzigo, usitume nauli ya mzigo kwa mtu usiyemjua, na usikubali ile haraka ya kwamba kuna mteja mwingine amesimama hapa. Njia salama kuliko zote ni ndugu au rafiki aliyeko Dar es Salaam akaenda dukani mwenyewe na simu yenye chaji na laini mbili, akafanya majaribio yote huku mkiongea kwa video, akalipa akiwa ameishika, kisha yeye ndiye akaipakia kwenye basi. Njia ya pili ni muuzaji akubali kulipwa mzigo ukishafika. Wapo wanaokubali, kwa kumtumia mtu wao aliyeko Morogoro au Mikumi. Hapo pia kuna mtego, kwani mara nyingi anayekukabidhi anataka ulipe kwanza ndiyo ufungue. Mkubaliane mapema kwa maandishi kwamba utafungua, utawasha, utaweka laini yako na kupiga simu nyumbani kabla ya kulipa. Nusu saa inatosha. Ichaji dakika kumi uone kama inapata moto usio wa kawaida, piga picha kwa kamera zote mbili, jirekodi sauti uisikilize, nakili faili kubwa kadhaa ndani yake uone kama kumbukumbu iliyotangazwa ipo kweli. Asiyekubali nusu saa ya ukaguzi, mwache aondoke na simu yake, na gharama yako itakuwa nauli ya Mikumi tu.

Wakati wa kulipa, jina linalojitokeza kabla hujaweka namba ya siri lisome kama unavyosoma hati ya shamba. Biashara yenye ukurasa wa jina moja, anayeongea kwa jina la pili na namba inayopokea pesa kwa jina la tatu, ni sababu tosha ya kusimamisha malipo. Lipa namba yenye jina la biashara ni bora kuliko namba ya mtu binafsi, ingawa si kinga kamili. Ukishatapeliwa, saa ya kwanza ina uzito kuliko wiki nzima inayofuata. Piga huduma kwa wateja wa kampuni ya simu uliyotumia na uombe muamala uzuiwe, kwa kuwa pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040, kisha nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako, hata kama kiasi ni kidogo na unaona aibu. Bila RB, namba ileile itaendelea kupokea pesa za watu wengine.

Na usidhani kwamba ukaribu peke yake unatosha. Simu nyingi za mtumba kijijini huuzwa na jirani, kwa mkono, bila karatasi, na ugomvi wake huja baadaye inapogundulika kwamba simu ilikuwa ya shemeji, ya mkopo au ya wizi. Hapo kuna desturi nzuri ambayo tumeizoea kwenye mashamba na mifugo, na hakuna sababu ya kuinyima simu ya laki tatu: hati ya mauziano. Karatasi moja inatosha, iandikwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na shahidi wa kila upande, ikiwa na majina kamili na namba za vitambulisho vya NIDA, aina ya simu na rangi yake, IMEI zote mbili kama zilivyoonekana baada ya *#06#, bei, tarehe, kasoro ambazo muuzaji amezikiri, na sentensi moja ya muuzaji kwamba simu ni yake, haina deni, na akaunti zake zote ameshaziondoa. Nakala moja ibaki kwa kila mmoja, na ya tatu kwa mwenyekiti.